Wanamitindo wapewe jukwaa la kujifunzia, wasifukuzwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba wanamitindo ndio wanaoua vipindi vyetu vya televisheni, na kwamba ingekuwa heri warudi kwenye maonyesho yao ya mavazi wawaachie waigizaji kazi yao. Yapo aliyoyasema ambayo ni kweli, nami nitayafikia. Lakini hukumu aliyoitoa ni nzito mno, na imewaangukia wasiostahili.

Mimi ni fundi wa maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Nilizaliwa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, mama yangu akiwa mshonaji wa mabuibui na kanzu za Idi, na cherehani yake ndiyo iliyonisomesha. Leo nina chumba Ngara, ghorofani juu ya duka la vipuri vya magari, ambako hushona na kurekebisha mavazi ya vikundi vinavyozunguka shuleni na tamthilia za vitabu vya kutahiniwa, ya michezo inayopanda jukwaa la Kenya National Theatre, na ya vipindi vya televisheni vinapoitisha. Wabunifu wa mitindo nao huniletea kazi msimu wa maonyesho unapowazidi. Kwa hiyo wanamitindo na waigizaji wote hupita mikononi mwangu. Nimewapima viuno, nimewafunga vifungo gizani nyuma ya pazia, nimewasikia wakiomba dua kabla ya kutoka mbele ya watu. Sizungumzi kwa kusikia.

Msomaji wako aliuliza kwa ukali: ni wapi duniani mtu alitoka kwenye jalada la jarida la mitindo akawa mwigizaji wa kweli? Namjibu: Japani, na mtu mwenyewe anaitwa Hiroshi Abe.

Nilimjua kupitia mpwa wangu, kijana anayejifunza Kijapani, ambaye Jumapili jioni huniwekea filamu kwenye kompyuta yake na kunifafanulia pale maandishi ya chini yanapopita haraka. Usiku mmoja aliniwekea filamu ya mwaka wa 2016 ya mwelekezi Hirokazu Kore-eda, After the Storm. Ndani yake mna mwanamume mrefu, mwandishi aliyewahi kushinda tuzo kisha akaishiwa, ambaye sasa anafanya upelelezi wa kukodishwa na kuzimaliza pesa kwenye kamari ya mbio za baiskeli. Mkewe wameachana. Hela za matunzo ya mtoto hajalipa. Anaingia katika fleti ndogo ya mama yake na kuanza kupekuapekua makabati, akitafuta kitu cha marehemu baba yake atakachoweza kuweka rehani. Baadaye anamnunulia mwanawe viatu vya besiboli, na akiwa palepale dukani anavikwaruza kwa siri ili apunguziwe bei. Niliisimamisha filamu hapo nikamwambia mpwa wangu airudishe. Nilitaka kuona mkono. Mtu yule alikikwaruza kiatu huku uso wake ukiendelea na mazungumzo kana kwamba mkono si wake. Aibu yote ya baba asiye na kitu ilikuwa katika vidole vile.

Ndipo mpwa wangu akaniambia kwamba huyo alianza kama mwanamitindo. Sikuamini mpaka aliponionyesha picha.

Abe alizaliwa Yokohama mwaka wa 1964. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme jijini Tokyo aliposhinda shindano la jarida mwaka wa 1985. Mwaka uliofuata kukaanzishwa jarida la mitindo ya wanaume, Men's Non-no, na sura yake ikawekwa kwenye jalada la toleo la kwanza. Ikakaa pale, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka mitatu. Ana urefu wa sentimita 189, na kwa Japani ya wakati ule huyo ni mtu wa kutazamwa njiani. Mwaka wa 1987 aliingizwa katika filamu yake ya kwanza, akicheza mchumba mtanashati wa msichana aliye mhusika mkuu. Kijana mzuri akapewa nafasi ya kijana mzuri, kama kawaida.

Halafu kazi zikakauka. Watayarishaji walimwona mrefu mno kupangwa na wenzake mbele ya kamera, na sura ile ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Kijana mzuri ana muda wake. Kila mwaka huja mwingine mdogo kuliko yeye. Kama wakati huo angekuwepo msomaji wa kuandika kwamba arudi kwenye majarida yake, nadhani wengi wangemuunga mkono.

Kilichomwokoa ni jukwaa. Mwaka wa 1993 mwandishi na mwelekezi Kohei Tsuka alimpa nafasi kuu katika mchezo wake, ya mpelelezi wa polisi wa ajabu ajabu ambaye kijana wa jalada asingethubutu hata kumgusa. Na Tsuka hakuwa mwelekezi wa kukupa maneno ukayakariri nyumbani. Alisifika kwa kuwatamkia waigizaji maneno kwa mdomo palepale mazoezini, akiyabadilisha kadiri anavyowaona, nao wayapokee na kuyasema papo hapo. Huko huwezi kujificha nyuma ya sura yako. Lazima usikilize, kwa kuwa hujui kitakachofuata.

Baada ya hapo Abe akawa mtu mwingine. Mwaka wa 2000 alianza kucheza katika kipindi cha televisheni kiitwacho Trick, akiwa profesa wa fizikia mwenye majivuno mengi ambaye huzirai akikutana na la kutisha. Urefu ule uliokuwa kikwazo ukawa chombo cha kuchekesha: mtu mkubwa hivyo, mwoga hivyo. Mwaka wa 2006 akacheza msanifu majengo wa miaka arobaini anayeishi peke yake na hataki kuoa. Mwaka wa 2008, katika filamu nyingine ya Kore-eda, akawa mwana aliyerudi kwa wazazi wake siku ya kumbukumbu ya kifo cha kaka yake, akiwaficha kwamba hana kazi. Mama yake humo ni marehemu Kirin Kiki, na ndiye mama yake pia katika ile ya 2016. Ukiwatazama wakiwa wameketi chini pamoja utadhani kweli alimzaa. Kisha mwaka wa 2013 akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ya Japan Academy, kwa kuigiza mjenzi wa mabafu wa Roma ya kale katika filamu ya vichekesho.

Hebu msomaji wangu ahesabu mwenyewe. Tangu shindano la jarida hadi jukwaa la Tsuka ni miaka minane. Hadi tuzo ni miaka ishirini na minane. Sisi hapa Nairobi tunampa binti vipindi viwili vya Jumatano usiku, kisha tunamtukana kwenye simu zetu.

Na hapo ndipo nataka kukaa, kwa sababu binti wa namna hiyo ninamjua. Jina lake sitalitaja. Anatoka Kayole, ni mrefu, mweusi wa kung'aa, na alikuwa akitembea kwenye maonyesho ya mavazi tangu amalize kidato cha nne. Kampuni moja ya utayarishaji ilimwona kwenye onyesho, ikamchukua acheze mke mdogo wa mwanasiasa. Alipewa maneno yake siku ya Alhamisi, Jumatatu akawa mbele ya kamera. Mazoezi hakuna. Mtu wa kumwelekeza sauti hakuna. Kila alipokosea walirudia mpaka jua likaelekea kuzama, kisha wakaamua kutumia picha za uso wake tu na kumpunguzia maneno. Watu walipoanza kumcheka, kampuni ikamuua katika ajali ya gari ambayo hata haikuonyeshwa. Malipo yake aliyapata kwa kuyafuata kwa miguu, ofisi hadi ofisi, na hakuyapata yote.

Alikuja kwangu kurudisha gauni. Kwa bahati alikuwepo mwelekezi wa kikundi cha shuleni, mzee ambaye amefanya kazi hii tangu nilipokuwa msichana, akipimwa joho. Akamtazama binti namna alivyosimama mlangoni akiogopa kuingia. Akamwambia, "Njoo, binti yangu, unisomee hapa." Ilikuwa sehemu ya mama mboga, si kubwa, maneno ya ukurasa mmoja na nusu. Binti akasoma vibaya. Mzee akasema, "Sawa. Kesho saa tatu, na uje na viatu vya chini."

Sasa nieleze kile ambacho mwanamitindo anakuja nacho na kile asichokuwa nacho, kwa kuwa wengi wanaowahukumu hawajawahi kukaa nao chumba kimoja. Anakuja na subira. Atasimama saa tatu nikimchoma pini asilalamike, hali waigizaji wengine huanza kulia baada ya dakika kumi. Anajua mwanga unakotoka bila kuambiwa. Mwili wake wenyewe huugeukia. Anajua nguo inataka nini, bega hili likishuka kidogo kitambaa kitaangukaje. Hayo ni maarifa, na yamempa jasho kuyapata.

Asichokuwa nacho ni macho. Kwenye maonyesho ya mavazi amefundishwa kutazama mbali, juu ya vichwa vya watu, asimwone yeyote. Ni kazi yake, kwa sababu watu wamekuja kuona nguo. Lakini jukwaani ukimtazama mwenzako hivyo, mwenzako anakufa. Binti yule alikuwa akimuuzia mteja sukuma wiki huku akitazama ukuta wa nyuma. Na mwendo wake ulikuwa wa kuteleza, kama wa maonyesho. Mama mboga hatelezi, Mhariri. Mama mboga ameamka saa tisa usiku, amebanwa kwenye matatu na magunia, kiuno kinamuuma.

Basi nilichoweza kufanya mimi nilikifanya kwa sindano. Nilichukua sketi yake, nikafumua upindo, nikatia vijiwe mle ndani vya kutosha kuufanya uzito, nikaushona tena. Alipoivaa akapiga hatua mbili akasimama, akaniuliza, "Mama, hii imelowa?" Nikamwambia atembee tu. Siku ile ile mwendo wake ukaanza kushuka kutoka mabegani kuja kwenye nyonga.

Mzee naye alikuwa na dawa yake. Aliwaambia waliocheza wateja wambadilishie bei bila kumwonya. Mmoja anasema shilingi kumi, mwingine anadai alipewa chenji pungufu jana, wa tatu anageuka kuondoka. Binti akalazimika kuwatazama, maana asingewatazama angepoteza mboga zake zote. Simjui Tsuka zaidi ya ninachokisoma, na mzee wetu hajawahi kumsikia, lakini niliposoma jinsi Mjapani yule alivyowafundisha watu nilisema moyoni: kumbe njia ni ile ile.

Kisha nikampeleka soko la Marikiti. Ninaye rafiki pale wa miaka mingi, anauza vitunguu na dania upande wa kuingilia. Nilimwomba amketishe binti karibu naye alfajiri kadhaa, amwache atazame. Rafiki yangu hakutaka mtu wa kutazama, alimpa gunia akamwambia, "Kaa hapo, menya." Binti akamenya. Na akiwa anamenya akaona jambo ambalo mimi mwenyewe nalifanya kila siku bila kulifikiria: pesa za mama mboga zimefungwa fundo kwenye ncha ya leso, fundo limechomekwa kiunoni, na mteja akitoa noti kubwa, vidole viwili hushuka, hufungua, huhesabu na kufunga tena, na muda wote huo mdomo unaendelea kumsimulia mteja habari za mvua. Macho hayashuki hata kidogo.

Akarudi Ngara na leso aliyoinunua Biashara Street, akakaa pembeni ya meza yangu na sarafu, akifunga na kufungua huku akisema maneno yake. Alikuwa akikosea, sarafu zikawa zinabingirika mpaka chini ya cherehani, nikawa nazikanyaga. Aliendelea hata taa zilipozimika na jenereta ya jirani kuanza kunguruma, ikambidi apaze sauti ili nimsikie. Hapo ndipo nilipomsikia sauti yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzito, ya tumboni, na tangu hapo hajairudisha ile nyembamba ya televisheni.

Nilimwona akicheza katika ukumbi wa shule moja ya upili kule Thika, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani, kipaza sauti hakuna. Mnawajua wanafunzi, hawamhurumii mtu. Alipotokea, wavulana wa nyuma walipiga miluzi kwa sababu ya urefu na sura. Akaketi nyuma ya mboga zake. Mteja akampa noti ya mia tano. Vidole vikashuka kiunoni, fundo likafunguka, na akiwa anahesabu akamwambia mteja neno lake la kejeli bila kushusha macho, na ukumbi mzima ukacheka. Walimcheka mteja. Mimi nilikuwa nimeshika joho la mtu mwingine mkononi, na nilililowesha kwa machozi.

Huyo ni mwanamitindo yule yule ambaye watu walitaka arudi alikotoka. Hakubadilishwa damu. Alipewa wiki sita za mazoezi, mzee mmoja mwenye subira na gunia la vitunguu.

Kuna watakaosema mfano wa Abe ni wa mwanamume, na kwamba kwa wanawake sura ikishazoeleka hakuna nafasi ya pili. Wamtazame basi Tao Okamoto, Mjapani vilevile. Alianza uanamitindo akiwa na miaka kumi na minne, akahamia Paris mwaka wa 2006, na mwaka wa 2009 nywele zake zilizokatwa duara zikamfanya ajulikane kwenye majukwaa ya mitindo ya dunia nzima. Filamu yake ya kwanza, The Wolverine ya mwaka wa 2013, ilimpa nafasi kubwa kando ya Hugh Jackman, tena katika lugha ambayo si ya mama yake. Mwenzake katika filamu hiyo hiyo, Rila Fukushima, naye alitoka kwenye mitindo. Wanawake wawili, filamu moja, na wote wawili wameendelea kuigiza.

Wala hatuhitaji kwenda Japani ili kuliona jambo hili likianza. Iman, mwanamitindo Msomali, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1975 alipoonwa na mpiga picha Peter Beard, hapa hapa mjini. Miaka kumi baadaye alikuwa katika Out of Africa, filamu iliyopigwa katika nchi hii. Nafasi yake ilikuwa ndogo. Mimi huwa najiuliza angefika wapi katika uigizaji kama angepata Tsuka wake.

Lupita Nyong'o yeye alikwenda njia ya upande wa pili: aliigiza kwanza, na kampuni ya vipodozi ikamfuata mwaka wa 2014 baada ya Oscar. Lakini kabla ya kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kabla ya Oscar, akiwa na miaka kumi na minne, alicheza Juliet na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi. Ukumbi ule wa Professional Centre, karibu na Bunge, ulikuwa mdogo, viti vimesogeleana, na mwigizaji alikuwa akisikia hadhira inavyopumua. Nilifanya kazi pale mara chache nikiwa kijana. Hapakuwa na mahali pa kujificha. Phoenix wakafunga milango mwaka wa 2017, na hadi leo sijaona kilichochukua nafasi yake.

Hilo ndilo linalonikera, kuliko mwanamitindo yeyote. Tumefunga mahali pa kujifunzia kisha tunawauliza watoto kwa nini hawajui. Kenya National Theatre ipo na imekarabatiwa vizuri, nami naipenda kuliko nyumba nyingi nilizolala. Lakini kikundi kidogo kikikodi ukumbi pale kinawaza tiketi zitakazouzwa, hakiwezi kumweka mgeni mbele ya watu akosee. Tunakosa vyumba vidogo ambamo mtu anaweza kukosea mbele ya watu hamsini.

Sasa nimfikie msomaji wako alipo na haki. Alisema kuna vijana waliosomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Kenyatta na kwingineko, waliopanda jukwaani tangu tamasha za drama za shule, ambao wanaachwa ili nafasi apewe mtu mwenye sura na wafuasi wengi mtandaoni. Ni kweli, na inauma. Mmoja wao hunisaidia kupiga pasi msimu wa kazi nyingi. Ana kipaji kikubwa, na amenyimwa nafasi mbele ya macho yangu kwa sababu hiyo. Lakini aliyemnyima si mwanamitindo. Aliyemnyima ni yule anayekaa ofisini na orodha ya wafuasi mkononi, ambaye hataki kulipia mazoezi ya yeyote: huyu mwenye kipaji hamwiti, na yule mwenye sura anamtupa kwenye kamera bila kumfunza. Wote wawili wanadhulumiwa na mkono mmoja, na badala ya kuushika mkono huo wanagombana wao kwa wao.

Kwa hiyo, kwa watayarishaji wa vipindi: mkimchukua mtu kutoka kwenye mitindo, tengeni wiki za mazoezi katika bajeti kama mnavyotenga za gari na chakula. Mletee mwigizaji mzoefu wa jukwaani awe naye, na mzoefu huyo alipwe kwa kumfunza, isiwe hisani. Msimpe mke wa mwanasiasa kuwa sehemu yake ya kwanza. Mpeni mama mboga, mpeni askari wa lango, mpeni mtu ambaye uzuri hautamsaidia. Mawakala wa wanamitindo nao waache kuwaambia mabinti kwamba uigizaji ni kazi rahisi ya kufanya miguu ikichoka. Nimewasikia wakisema hivyo chumbani mwangu.

Waelekezi wa vikundi vya shuleni nawaomba kwa heshima wafungue milango kidogo. Najua hofu yenu: mwanamitindo atakuja siku mbili, atapata tangazo la biashara, ataondoka. Wengine watafanya hivyo. Lakini mzunguko wa shule ndio chuo kikubwa cha uigizaji tulichobaki nacho, na hakuna mahali pengine ambapo mtu atacheza sehemu moja asubuhi Kiambu, mchana Thika, mbele ya hadhira isiyojua kudanganya.

Na msomaji wako, ambaye naamini anapenda sanaa hii kama ninavyoipenda, kwa kuwa mtu asiyependa haandiki barua ndefu vile, namkaribisha Ngara siku yoyote ya Jumamosi baada ya adhuhuri. Vikundi huja kupimwa wakati huo, na mara nyingi hufanya mazoezi papo hapo kati ya nguo. Aje akae aone wanavyofundishana, mwenye digrii na mwenye jalada.

Binti wa Kayole bado yuko kwenye mzunguko wa shule hadi muhula wa pili ufungwe. Kuanzia Agosti atakuwa huru. Anaweza kuigiza kwa Kiswahili na Kikamba, anaamka mapema, na sauti yake inafika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Mwelekezi anayemtaka anipigie. Ofisi yako, Mhariri, ina nambari yangu.

Fundi wa maleba,
Ngara, Nairobi